Mizizi na Udongo Wenye Asidi: Je, Mmea "Umezoea"?

Katika kufundisha sayansi kwenye shule za Lushoto na milima yote ya Usambara, neno moja hutuponza: kuzoea. Mtoto huona chai ikistawi mahali ambapo mahindi yamedumaa, akauliza sababu, na mwalimu humjibu kwamba chai imeuzoea udongo huo. Kwa jibu hilo mtoto huamini kwamba mbegu yo yote ikipandwa mara kwa mara katika udongo mbaya itauzoea mwishowe. Akilipeleka nyumbani na likafuatwa, msimu mzima wa familia waweza kupotea.

Mvua nyingi za milimani, kwa karne nyingi, zimeosha chokaa na magnesi katika udongo, zikaacha asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungika katika mfinyanzi huanza kuyeyuka, nayo hushambulia kwanza ncha ya mzizi. Mzizi huacha kurefuka, hunenepa na kukatika upesi. Mmea hukosa maji yaliyo chini kidogo tu ya hapo ulipofikia.

Mimea mingine ina kinga ya kurithi. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani na Australia walieleza jeni ya ngano iitwayo ALMT1, ambayo huwezesha ncha ya mzizi kutoa maleti, nayo ikaikamata alumini nje, kabla haijaingia. Mwaka 2007 ikaelezwa jeni ya mtama inayofanya kazi kama hiyo kwa sitreti. Chai ina njia nyingine: huipokea alumini na kuilimbikiza katika majani yake makongwe bila kudhurika. Tuangalie hapa kwa makini. Katika mtama, alumini yenyewe huiamsha kinga, lakini haiumbi kinga ambayo mmea haukuirithi.

Kwa darasa la sita tunapendekeza jaribio la makopo mawili. Udongo uchimbwe kiasi cha sentimita 30 chini, kando ya shamba la chai. Ule wa juu msituni haufai, kwa kuwa mboji huifunga alumini na tofauti haitaonekana. Kopo moja litiwe majivu kidogo, yachanganywe vema na udongo, na makopo yote mawili yawekwe yakiwa na unyevu kwa wiki mbili. Kisha zipandwe mbegu za maharage za aina moja. Baada ya siku kumi wanafunzi waioshe mizizi taratibu na kuipima kwa rula.

Mwanafunzi mwerevu atasema kwamba majivu yana chumvichumvi za kurutubisha, hivyo huenda asidi siyo sababu. Asinyamazishwe. Liongezwe kopo la tatu lenye chokaa ya kilimo mahali pa majivu, na lingine la udongo mtupu lenye mbegu za maharage ya aina tofauti kutoka majumbani, ili darasa lipime pia tofauti baina ya mbegu na mbegu.