MAFUNZO KWA WANANCHI: PANELI YA SOLA YA KUUNDA NA YA KIWANDANI

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaovuka kwenda Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, kununua vifaa vya umeme wa jua wanafahamishwa kuwa yapo mambo ya kupima kabla fedha haijatoka mkononi. Kwa waliokaa gizani Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa Bara ulipokatika, faida ya sola haihitaji maelezo.

Huulizwa iwapo paneli yaweza kuundwa na fundi. Yaweza. Seli moja ya silikoni, iwe kubwa au ndogo, hutoa takriban nusu volti tu. Hivyo seli 36 huunganishwa kwa mfuatano ndipo ipatikane nguvu ya kuchaji betri ya volti 12. Kuzilehemu kwataka mkono mwepesi, kwani unene wa seli haufiki robo ya milimita. Seli moja ikipata ufa, mkondo wa safu nzima hupungua, kama maji ya mfereji yasivyoweza kuzidi pahala pake pembamba.

Taabu hasa si lehemu bali kuziba. Kiwandani seli hulazwa kati ya tabaka za plastiki maalumu chini ya kioo kigumu, hewa ikafyonzwa na vyote vikagandamizwa kwa joto la nyuzi 150 hivi. Fundi ana plaiwudi na gundi ya kuzibia madirisha. Kwa masika na hewa ya chumvi ya visiwani, unyevu hupenya na viungo huliwa na kutu. Paneli ya namna hiyo yafaa darasani, si juu ya paa. Ya kiwanda makini aghalabu hudhaminiwa miaka 25.

Hata hivyo, kibandiko cha kiwanda huweza kuchapishwa na yeyote. Jua la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kiasi cha moja ya tano kuwa umeme. Paneli ya wati 100, basi, huhitaji karibu nusu mita ya mraba. Iliyoandikwa wati 100 ilhali ina sentimita 35 kwa 45 haitoi hata wati 40. Futi ya fundi yatosha kuiumbua. Mwenye mita ya umeme aipime juani: volti 22 si ushahidi, maana hata paneli ndogo huzitoa. Aangalie ampea, ambazo kwa wati 100 ya seli 36 hukaribia 6. Muuzaji akikataa paneli isitolewe nje, mnunuzi na apite duka la pili.

Ustadi wa mafundi vyuma wa Gerezani utumike kwenye fremu ya kusimamishia paneli, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.