Mlo wa Bei Moja: Somo Kutoka Hotelini

Wengi wetu hulikariri somo la biashara ili tupite mtihani, kisha tukalisahau. Mimi sina nafasi hiyo, kwani karo yangu hutoka katika hoteli ndogo ya mama mdogo, karibu na steji ya matatu. Chapati zisiponunuliwa, muhula hufunguliwa nami nimebaki nyumbani. Ndiyo maana likizo iliyopita nilishika daftari, nikachunguza jinsi vyakula viwili vitatu, vikiuzwa pamoja kwa bei moja, vinavyoweza kuongeza mauzo.

Jambo hili si geni. Huko Marekani, mwaka wa 1979, McDonald's walianza kuwauzia watoto Happy Meal, yaani chakula, kinywaji na kichezeo ndani ya kisanduku kimoja. Hapa kwetu chipsi, kuku na soda huandikwa ukutani kwa bei moja. Mteja hupendezwa kwa kuwa hapigi hesabu nyingi, tena anaona amepunguziwa.

Sasa tutazame hesabu. Pale hotelini chapati ni shilingi 20, sahani ya madondo 50 na chai 20. Aghalabu mteja huagiza, "Mama, leta chapo mbili madondo," analipa 90, halafu anateremshia na maji ya bure. Chai inapoa kwenye birika! Kikombe kimoja hutugharimu kama shilingi 8, ukijumlisha maziwa, sukari, majani na makaa.

Wazo la kwanza lilikuwa kuuza vyote kwa 100 badala ya 110. Mteja wa maji anaongeza 10, tunatoa gharama 8, tunabaki na 2. Lakini yule aliyekuwa akinunua chai kila siku anatupunguzia 10. Kati ya wateja 60, wanywaji chai walikuwa 10. Hapo tunapoteza 100. Wale 50 wengine wote wakiingia, tunapata 100. Si ni kutwanga maji kwenye kinu?

Tukajaribu 105. Kila mteja mpya wa chai anatuachia 7, na wale 10 wa zamani wanatupunguzia 50 kwa jumla. Kwa hivyo wapya 8 wanatosha kuziba pengo hilo. Wiki ya kwanza walikuja kama 20 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: 140 toa 50, faida ya ziada ni 90 kila siku. Kwa siku 26 za kazi, ni 2,340. Hizo ni pesa za madaftari, sabuni na nauli, na baki inaingia kwenye karo.

Kutokana na hayo nilijifunza mambo manne:

1. Kinachoongezwa kwenye mlo kiwe cha gharama ndogo kwako, lakini chenye thamani kwa mteja. Chai inafaa, nyama haifai.

2. Hesabu kwanza wateja ambao tayari hununua vyote. Hao ndio watakaokula punguzo lako.

3. Usimlazimishe mtu. Anayetaka chapati moja auziwe moja. Akilazimishwa, kesho atavuka barabara aende kwa jirani.

4. Usifiche chakula cha jana ndani ya mlo wa bei nafuu. Mteja akiumwa na tumbo mara moja, steji nzima itapata habari.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzangu ambao wazazi wenu wana vibanda, msiwaachie wao kazi ya kukisia bei. Likizo ijayo kaeni nao jioni, mwandike kilichouzwa, kilichobaki na gharama ya kila sahani. Na walimu wetu wa biashara, tunaomba hesabu za namna hii ziletwe darasani, kwani chapati tunazielewa upesi kuliko mifano ya viwanda tusivyowahi kuviona.