Dhahabu, Leza na Saratani ya Tezi Dume

Mabati mapya na mabati yenye kutu yakipigwa na jua la Bokoli saa saba mchana, yenye kutu hupata joto zaidi, kwa kuwa yanameza mwanga badala ya kuurudisha. Ndivyo inavyofanya kazi tiba moja mpya ya saratani inayotumia chembe za dhahabu.

Chembe hizo ni ndogo mno: mamia yake yakipangwa mstari mmoja hayavuki upana wa unywele. Ndani yake mna silika, jamii ya mchanga, na juu ganda jembamba la dhahabu. Mgonjwa huingiziwa kwa mshipa. Mishipa ya damu ndani ya uvimbe wa saratani huvuja, hivyo chembe hupenya na kujikusanya humo. Siku inayofuata daktari huelekeza leza kwenye uvimbe. Mwanga wake hauonekani kwa macho, nao hupita kwenye nyama ya mwili bila kuiunguza sana. (Washa tochi ya simu gizani, iweke chini ya kiganja, uone wekundu unavyopenya.) Ukifika kwenye dhahabu hugeuka joto, na seli za saratani huungua. Nyama ya jirani isiyo na dhahabu hubaki salama.

Matokeo ya majaribio kwa wanaume 16 nchini Marekani yalichapishwa mwaka 2019. Kwa 15 kati yao matibabu yalikamilika. Idadi hiyo ni ndogo, na wote walikuwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi.

Kwa hiyo akija mtu sokoni na “dawa ya dhahabu” ya kunywa au ya kupaka, afahamike: hiyo siyo tiba hii. Dhahabu bila leza haiunguzi chochote.

Humu nchini saratani ya tezi dume hutibiwa kwa upasuaji, mionzi au dawa za homoni, na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, ina huduma za saratani. Shida ni kwamba wazee wengi hufika ikiwa imeshaingia mifupani. Mwanzoni haina dalili. Kuamka usiku mara nyingi kukojoa huenda kukawa uvimbe wa kawaida wa uzeeni, lakini ni kipimo kinachoamua, si jirani. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Mwenye baba au ndugu aliyeugua asingoje dalili. Amwulize mhudumu wa afya wa kijiji au kituo kilicho karibu ni wapi atapimwa.