Mjomba anataka saini yangu kabla ya Jumamosi

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mhandisi wa saiti, nimesajiliwa mwaka jana. Nafanya kazi kwa mjomba wangu, mkandarasi, kwenye jengo la ghorofa nne hapa Dodoma. Kyubu za kupimia nguvu ya zege la nguzo za chini zilitakiwa zifike 25 kwa siku 28, lakini maabara imezisoma 16 na 17. Siku ya kumwaga nguzo hizo zege lilikuwa zito na nadhani vibarua waliongeza maji. Slabu ya kwanza imeshamwagwa, ya pili ni Jumamosi. Mjomba anasema kyubu ndizo mbovu, nguzo ni nzima. Amenipa majibu ya kyubu za msingi, zilizofika 29, niyaambatishe kama ya nguzo na kusaini fomu. Ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza hadi chuo. Mama anasema nisimwaibishe kaka yake. Nifanyeje?*
— Mpwa, Dodoma

Marahaba, binti yangu. Nianze kwa kumtetea mjomba wako, maana wasomaji wengi watakuwa wameshamwita mwizi. Huenda asemayo ni kweli. Kyubu isiposhindiliwa vizuri, au ikiachwa juani badala ya kuzamishwa majini, husoma chini hata kama nguzo yenyewe ni imara. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Ila yeye anabahatisha, na fomu haiulizi bahati. Inasema mhandisi amekagua na ameridhika. Ungekuwa umeridhika usingeniandikia.

Nina swali kwako pia. Majibu ya siku 7 yalisemaje? Hukuyataja. Zege la kawaida siku ya saba huwa limeshafika kama theluthi mbili ya nguvu yake, kwa hiyo dalili ilikuwepo kabla slabu ya kwanza haijapanda. Sikuumbui, nakukumbusha tu kwamba na wewe una sehemu yako katika hili, uiandike pamoja na ya wengine.

Kuhusu yale maji, piga hesabu uwaoneshe vibarua. Mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa uwiano wa 0.5, unataka lita 25. Ongeza ndoo moja ya lita 20 ili zege liteleze, uwiano unafika 0.9, na nguvu inaweza kushuka chini ya nusu. Ukilitazama zege hilo likishakauka, hulitofautishi na jema.

Unaogopa kuwa ukikataa utakuwa umemwita mjomba mhalifu. Nikupeleke Kansas City, Marekani, Julai 1981. Katika hoteli ya Hyatt Regency, madaraja mawili ya ndani yalining'inizwa kwa vyuma, moja juu ya jingine. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu moja inayopita kwenye madaraja yote mawili. Watengenezaji wa vyuma wakapendekeza fimbo mbili fupi, kwa sababu ni rahisi kuzifunga. Kwa badiliko hilo daraja la chini likawa linaning'inia kwenye la juu, na nati za daraja la juu zikabeba mzigo maradufu. Michoro ilipita ikiwa na muhuri wa mhandisi, bila mtu kurudia hesabu ya kiungo hicho. Madaraja yakaanguka, wakafa watu 114. Hakuna aliyekuwa ameiba saruji wala kupokea bahasha. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri, kwa sababu muhuri ulisema kazi imekaguliwa na haikuwa imekaguliwa.

Na wewe unaombwa zaidi ya hapo. Wale hawakuangalia, wewe umeangalia, umeona 16, unatakiwa uandike 29. Huko ni kughushi, hata kama anayekuomba ni mtu anayekupenda.

Basi fanya hivi, leo, usingoje Ijumaa. Andika barua fupi kwa kampuni, nakala kwa mhandisi mshauri aliyesanifu jengo: majibu ya kyubu, tarehe, nguzo zipi, na kwamba slabu ya pili isimwagwe. Usitie neno la lawama. Mirunda iliyo chini ya slabu ya kwanza isiguswe, na kama juu yake kumerundikwa tofali na nondo, zishushwe. Nguzo zipimwe kwanza kwa nyundo ya kupimia zege, kisha zikatwe sampuli kwa mashine zipelekwe maabara. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kati yako na mjomba. Yakiwa mabaya, bado si lazima jengo livunjwe: msanifu anaweza kurudia hesabu akakuta nguzo zina akiba, au akaagiza zivikwe koti la zege na nondo. Ni gharama, lakini kwenye slabu moja inabebeka. Wala usidhani hatari husubiri jengo likamilike: jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoanguka Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013 na kuua watu 36, nalo lilikuwa bado linajengwa.

Muhuri wako usiuache ofisini. Ondoka nao kila jioni. Mjomba akiamua kumwaga zege bila wewe, andika kwenye daftari la saiti, kisha uende halmashauri iliyotoa kibali na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Najua hapo undugu utauma. Lakini naomba usianzie huko.

Anzia nyumbani kwake. Nenda leo jioni, barua ukiwa nayo mkononi, akishakula, pasiwe na foromani wala kibarua wa kumsikia akikubali au akikataa. Mwambie utasaini siku sampuli zikitoka nzuri, na kwamba gharama ya kuzikata ni ndogo kuliko ya kubomoa ghorofa nne. Mchukue na mama, maana kwa maneno yake mwenyewe anaogopa aibu ya kaka yake, na yeye ndiye atakayeweza kumwambia kwamba jina lililo kwenye kibao cha saiti ni la ukoo.

Na maabara wakikupigia simu kwamba nguzo ni nzima, mjomba awe mtu wa kwanza kumpigia.