Utata wa Kimuundo katika Kuitaja Nambari 291,930

Nambari kubwa hudhaniwa kuwa mali ya mwanahisabati pekee. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanaisimu naye ana fungu lake humo, kwa kuichunguza nambari moja: 291,930. Hiyo ndiyo idadi ya wakazi wa kaunti ndogo ya Kisauni, Mombasa bara, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019.

Kihisabati, nambari hii ni zao la nambari tasa tano, yaani zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2 × 3 × 5 × 37 × 263. Jumla ya tarakimu zake ni 24. Kwa hiyo hugawika kwa 3 lakini si kwa 9. Hadi hapo hapana ubishi. Ubishi huanza nambari inapotamkwa.

Tuikadirie kwa maelfu: 292,000. Wengi watasema "elfu mia mbili na tisini na mbili". Katika Kiswahili nomino hutangulia kivumishi: husemwa watu wawili, na vivyo hivyo elfu mbili. Neno elfu hutangulia, lakini hakuna alama inayoonyesha mamlaka yake yanakomea wapi. Kirai hicho basi kina fasiri tatu:

(a) elfu [mia mbili na tisini na mbili] = 292,000
(b) elfu [mia mbili na tisini] na mbili = 290,002
(c) elfu [mia mbili] na tisini na mbili = 200,092

Tofauti ya (a) na (c) ni watu 91,908. Atakayeandika (c) ataishusha Kisauni, iliyoongoza kwa wakazi miongoni mwa kaunti ndogo sita za Mombasa katika sensa hiyo, hadi chini ya Likoni (250,358) na Nyali (216,577). Shule na zahanati hupangwa kwa hesabu kama hizi.

Je, hesabu yenyewe haiwezi kulifichua kosa? La. Tarakimu ni zilezile, zimehama nafasi tu. Jumla yake ni 13 katika fasiri zote tatu. Aidha, tofauti baina ya fasiri zozote mbili ni kigawe cha 999, kwa kuwa kilichopaswa kuzidishwa kwa 1,000 kimezidishwa kwa 1. Nayo 999 ni 27 × 37. Anayehakiki kwa kugawa kwa 9 au kwa 37 atapata baki lilelile, na kosa litampita.

Dawa imo katika lugha. Laki, neno lenye asili ya Bara Hindi, hupunguza utata: "laki mbili na elfu tisini na mbili" huiondoa fasiri (c), ingawa (b) husalia. Tukiiweka elfu mwishoni, "laki mbili na tisini na mbili elfu", utata huisha, kwani utaratibu wa kutaja kubwa kabla ya ndogo hauruhusu "mbili elfu" kuifuata "tisini".

Inapendekezwa watangazaji na makarani waitaje nambari hivyo, na katika maandishi waweke tarakimu kando ya maneno, kama ifanywavyo katika hundi.