Stilbaiti, Jiwe Lenye Maji Ndani Yake

Mwaka 1756 Axel Fredrik Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Uswidi, alilipulizia jiwe fulani moto mkali, akaliona likifanya povu kama maji yachemkayo. Akaliita zeolaiti, maana yake kwa Kiyunani ni jiwe lichemkalo. Leo twajua kwamba zeolaiti ni jamaa kubwa ya mawe, na stilbaiti ni mojawapo.

Stilbaiti nzuri sana huchimbwa Bara Hindi, karibu na miji ya Pune na Nashik. Yapata miaka milioni 66 iliyopita, ardhi ya huko ilipasuka, ikatoka lava nyingi, ikatanda nchi. Mvuke uliokuwamo ukafanya mapovu kama ya unga uliochachuka. Lava ilipopoa ikawa mwamba mweusi wenye matundu. Baadaye maji ya moto yakapenya mwambani, yakayeyusha baadhi ya vitu vyake, yakaviacha matunduni. Humo fuwele za stilbaiti zikakua polepole.

Fuwele hizo huwa nyeupe, au nyekundu hafifu. Mara nyingi hushikamana zikawa nyembamba katikati na pana nchani, mfano wa mganda wa ngano uliofungwa kiunoni. Zikipasuliwa, uso wake hung'aa kama lulu. Katika ratili 100 za jiwe hili, karibu ratili 18 ni maji, nayo hukaa katika vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndiyo sababu hutoa povu likichomwa.

Basi, utalitambuaje? Watu hulinunua kwa ajili ya uzuri wake, na atazamaye rangi tu hupata hasara, maana kwatzi na kalisaiti pia huwa nyeupe. Lijaribu upande usioonekana. Ukucha hauwezi kulikwaruza, lakini kisu chaweza. Kisu kikishindwa, na jiwe likikwaruza kioo, labda ni kwatzi. Kisha tia siki juu ya unga wake kidogo: kalisaiti hutoa povu, stilbaiti hutulia. Mwisho litazame umbo. Usitegemee dalili moja. Zikipatana zote, ndipo useme.

MASWALI
1. Kwa nini zeolaiti iliitwa jiwe lichemkalo?
2. Matundu ya mwamba yalitokana na nini?
3. Utatofautishaje stilbaiti na kwatzi? Na kalisaiti je?