SOMO: MASINI TATU, GHALA MOJA



Kama alama za mwaka mzima ziko katika disiki moja, na ile disiki ikikufa, tutafanya nini? Disiki inaweza kufa bila kupasha mutu habari, na hapa Kolwezi umeme unakatika wakati wowote. Leo tunajifunza namna ya kuunga ordinatere tatu za Linux (Debian) zikuwe ghala moja, kwa programu ya bure inayoitwa GlusterFS. Katika miaka ya 2010, ILRI, chuo cha uchunguzi wa mifugo kule Nairobi, kiliitumia kwa kulinda kazi za wachunguzi wake.

1. Juu ya nini tatu?

Masini mbili zikipoteza njia katikati yao, kila moja inaweza kuandika neno lake. Nani atakata shauri? Zikiwa tatu, mbili zenye kupatana zinashinda.

2. Kazi yenyewe

Tuite masini zetu mutoshi, musonoi na luilu. Kila moja ipate adresi isiyobadilika, na disiki ya pekee iliyofungwa pa /data. Majina yote matatu na adresi zao yaandikwe katika /etc/hosts ya kila masini. Amri zote ni za root.

Pa masini zote tatu:
apt install glusterfs-server
systemctl enable --now glusterd
mkdir /data/ghala

Halafu pa mutoshi tu:
gluster peer probe musonoi
gluster peer probe luilu
gluster peer status

Mukiona wenzake wawili wameungwa, endeleeni (amri ya kwanza ni mustari mumoja):
gluster volume create alama replica 3 mutoshi:/data/ghala musonoi:/data/ghala luilu:/data/ghala
gluster volume start alama
mount -t glusterfs mutoshi:/alama /mnt

Sasa fishie yote muandike ndani ya /mnt. Musiguse /data/ghala kwa mukono hata kidogo! Mukiandika mule, zile nakala hazitapatana tena.

3. Angalisho

Masini moja ikizimika, kazi inaendelea. Ikirudi, inapokea yote iliyokosa. Mbili zikizimika, ghala linakataa kuandika, na ni vizuri hivyo. Basi musiweke zote tatu pa prizi moja.

Tena mujue hili: nakala tatu si akiba. Mutu akifuta fishie, inafutika pa zote tatu mara moja. Kwa hiyo kila juma mutie alama katika disiki ya inje, ikae katika nyumba ingine.

MAULIZO

a) Luilu ikizimika, mwalimu ataweza kuandika alama?
b) Na musonoi ikizimika vilevile? Eleza.
c) Sababu gani disiki ya inje iko ya lazima?